Herufi kwa Maziwa

Haya ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Hayakutiwa chumvi wala pilipili, na anayetaka kubisha asubiri kwanza yaishe. Inabidi kuapa mapema hivi kwa sababu mzee anayehusika alikuwa mtu ambaye akikuambia jua limetoka, unachungulia dirishani.

Watu walimwita Mzee Chapa. Aliingia katika kiwanda cha kupiga chapa kabla hajaota ndevu, akatoka zikiwa nyeupe. Miaka yote hiyo alisimama mbele ya droo za herufi, vijiti vidogo vya madini ya risasi, akizichomoa moja moja na kuzipanga neno kwa neno, zote zimegeuka kama uso kwenye kioo. Kisha zikaja kompyuta. Herufi zikauzwa kwa kilo zikayeyushwe, na Mzee Chapa akarudi nyumbani akichechemea, maana alikuwa amezijaza viatuni. Alifanya hivyo siku kadhaa, hadi kopo la biskuti likajaa. Akaliweka juu ya kabati chumbani kwake, katika nyumba ya binti yake, na hakuna aliyemuuliza la nini. Mzee ana mambo yake.

Wengine wakistaafu hufunga mdomo. Yeye ndio kwanza aliufungua. Aliwaambia majirani kwamba kiwandani kwao kulikuwa na mashine yenye mafua, ikipiga chafya herufi za gazeti zima zinaruka juu na kutua upya, na kwamba siku moja zilitua zikawa habari za kesho yake.

"Meneja akaisoma pale pale, akaona amefukuzwa kazi. Na kesho yake, je? Alifukuzwa!"

"Kwa kosa gani?" aliuliza fundi viatu wa jirani, sindano mdomoni.

"Kwa kutoa habari kabla ya wakati."

"Mzee, ulimi wako huo ungekuwa kiatu, soli ingekuwa imeisha zamani."

Watu walicheka, wakaenda zao, hawakuamini hata nusu. Aliyeamini yote, tena bila kuchungulia dirishani, alikuwa mmoja tu: mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka saba, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukutua. Chiriku aliongea akila, akaongea akioga, na mama yake aliapa kwamba huongea hata usingizini, tena kwa mpangilio. Mbele ya hadithi za babu yake tu ndipo aliponyamaza. Alikaa chini, kidevu juu ya magoti, macho yamefunguka kama milango ya siku ya harusi. Mzee Chapa hakuwa na utajiri mwingine duniani zaidi ya macho yale mawili.

Mama yake Chiriku alishona sare katika kiwanda cha nguo. Alitoka nyumbani kungali giza, akarudi mgongo umepinda kama ndoano. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu aliyejulikana nyumbani kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Kwa hiyo shule ilipokaribia kufungwa kwa likizo ndefu, mwalimu alipotaka kuonana na mzazi, ni mama aliyeomba ruhusa kwa msimamizi wake akaenda.

Alirudi na bunda la karatasi kubwa kama tofali, akalitua mezani.

"Mtoto hajui kusoma," alisema.

"Hajui vipi? Jana kanisomea ukurasa mzima," alisema Mzee Chapa.

"Alikusomea picha, baba. Mwalimu anasema anaangalia picha, anatunga maneno. Picha ya mbuzi yuko kando ya barabara, yeye anasoma kwamba mbuzi anakwenda dukani kununua mkia."

Mzee Chapa aliuma midomo asicheke. Alijua tabia hiyo imetoka kwenye damu ya nani.

"Shule ikifunguliwa, mwalimu atamsimamisha mbele yake asome ukurasa mmoja usio na picha. Akishindwa, anarudia darasa la kwanza. Wenzake wanapanda, yeye anabaki na watoto wanaokojolea chupi. Hizi ni kazi zake za likizo. Kila siku amalize kurasa zake kabla hajakanyaga nje. Na wewe ndiye utakayemsimamia."

"Mwanangu, likizo maana yake ni ruhusa. Hata ng'ombe akifunguliwa jembe huachwa ajikune."

"Ng'ombe harudii darasa."

"Hata shamba hupumzishwa."

"Likipumzishwa linaota magugu. Baba, mimi niliacha shule mapema, unajua kwa nini, na leo nashona mifuko ya mashati ya watoto wa watu. Sitaki mwanangu akae kwenye kiti kile nilichokalia mimi. Sitaki hata akijue kiko upande gani wa kiwanda."

Hapo Mzee Chapa aliinamisha kichwa kama mtu aliyekubali.

Siku za mwanzo alijitahidi. Alimkalisha Chiriku mezani, akampa kalamu, akamwonyesha mstari. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nje watoto wa mtaa walikuwa wakiruka kamba, na mtoto wa nyumba ya pili akawa anaita, "Chiriku! Chiriku, njoo ushike kamba!" Chiriku akaandika herufi moja, akatazama nje. Akaandika ya pili, akatazama nje. Ya tatu aliiandikia machozi.

"Nenda," alisema babu yake. "Nenda, kabla hujalowesha karatasi ya serikali."

Zile kurasa akazijaza yeye mwenyewe. Alitumia mkono wa kushoto, akaweka kosa hapa, kufutafuta pale, hata doa la chai kwenye kona kuleta ukweli. Jioni mama alizipitia, akakuna kichwa, akatabasamu. Wiki ile ilikwenda vizuri kuliko zote. Chiriku alirudi ndani magoti yamejaa vumbi, akakaa chini, akasimuliwa habari ya mashine yenye mafua.

Hadi jioni moja mama alipouinua ukurasa kwenye taa, akautazama kwa muda.

"Baba."

"Naam."

"Mtoto wa miaka saba anaweka vikanyagio chini ya herufi?"

Mzee Chapa alitazama. Kweli. Mkono ulikuwa wa kushoto, makosa yalikuwa ya kitoto, doa lilikuwa zuri, lakini kila herufi ilisimama juu ya vikanyagio vyake viwili vidogo, kama zinavyosimama herufi za gazetini. Vidole vyake havikuwahi kujua herufi ya namna nyingine.

Mama hakupiga kelele. Alimwita Chiriku, akamfunikia picha kwa kiganja, akamwambia soma. Chiriku akatazama kile kiganja, akajaribu kusoma kiganja. Mama akaikunja kamba ya kuruka, akaiweka juu ya kabati la jikoni.

"Hutoki nje hadi ujue kusoma. Si kesho, si keshokutwa. Hadi ujue. Na mwenzako wa nyumba ya pili atapanda la pili, na wewe utamwona dirishani."

Watoto hawana dogo. Kesho yake tu mtaa mzima ulikuwa umeshajua, na kamba ikageuzwa wimbo: "Chiriku karudia! Chiriku karudia!" Kamba inapiga chini, tap, "Chiriku karudia!" Chiriku alikuwa mezani ndani, mikono masikioni, analia bila sauti, kilio ambacho mtoto wa miaka saba hapaswi kukijua.

"Babu," alisema alipopata pumzi. "Mama anasema wewe hukwenda shule hata siku moja."

"Mama yako ana maneno."

"Basi ulijifunzaje kusoma?"

Swali hilo lilikuwa na jibu la kweli, na Mzee Chapa alikuwa nalo. Aliingia kiwandani kama mfagiaji. Herufi zilizoanguka sakafuni alitakiwa aziokote na kuzirudisha kwenye droo zake, na kila alipokosea droo msimamizi alimzaba kibao cha kisogo. Kwa vibao hivyo alijifunza moja, kisha nyingine, kisha akasahau ya kwanza. Ilimchukua miaka. Wenzake walimwita kichwa cha mbao, na alilia mara nyingi nyuma ya marobota ya karatasi. Hadithi hiyo hakuwahi kumsimulia mtu, maana haikuwa na chafya wala mbuzi. Na sasa mtoto yuko mbele yake, kamasi zinamtoka, anahitaji kitu kizuri. Utampaje kibao cha kisogo?

Akasogeza kiti.

"Kiwandani," alisema kwa sauti ya chini, "kila siku tulipewa maziwa. Glasi moja kila mtu. Unadhani kwa nini?"

"Mlikuwa na njaa."

"Njaa! Ili herufi ziteleze."

Kilio kilikatika kama bomba lililofungwa.

"Siku yangu ya kwanza, sijui hata moja. Msimamizi akaniambia, we kijana, fungua mdomo. Akaniwekea herufi moja juu ya ulimi. Akanipa maziwa. Gluu! Ikashuka. Nikaenda nyumbani nikalala. Na nilipolala, ile herufi ikapanda. Polepole, kama sisimizi ukutani, hadi kichwani, ikatafuta nafasi yake ikakaa. Asubuhi naikuta kwenye kibao cha duka, naitambua! Habari yako, herufi! Nzuri, mzee! Kesho yake nikameza nyingine. Zilipoisha zote, nikaamka nasoma gazeti lote, na matangazo ya vifo juu."

Chiriku alikuwa ameshaanza kucheka, pua bado imeloa.

"Kweli, Babu?"

"Kweli tupu. Nikisema uongo, nisione kesho."

"Haiumi?"

"Haiumi. Ila kuna sharti." Mzee Chapa alikuwa ameshanogewa, na msimuliaji akinogewa hana breki. "Usimwambie mtu. Zikisikia zinasemwa, zinaona haya, hazipandi."

Macho yale mawili yalimtazama, wazi kabisa. Akajisikia tajiri.

Kuanzia hapo nyumba ilitulia. Chiriku alikaa mezani bila kulazimishwa, akizitazama karatasi kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahidi kuja. Akawa anaomba maziwa. Mama akafurahi, akawa anaongeza pakiti moja jioni akitoka kazini, akisema mtoto akisoma mwili unadai. Mzee Chapa alifurahi kuliko wote. Alimwambia fundi viatu kwamba pamoja na uzee wake huu, mtoto akiachwa mikononi mwake hachukui muda kujua kusoma.

Kisha Chiriku akashika tumbo.

"Linaniuma," alisema asubuhi moja, kalamu mkononi.

"Tumbo la shule hilo," mama alisema akivaa viatu. "Nalijua. Mimi mwenyewe nililiugua. Dawa yake ni kumaliza ukurasa."

Mama alipotoka, Mzee Chapa alimkonyeza mjukuu wake. Yeye ndiye aliyemfundisha kikohozi cha kukwepa kuoga na kizunguzungu cha kukwepa uji. "Hapo umenishinda hata mimi mwalimu wako," alimwambia. "Na uso umeufanya wa kijivu kabisa! Umetumia nini, majivu?"

Chiriku hakumkonyeza. Aliweka kichwa juu ya karatasi akafumba macho.

Ikawa hataki kula. Ikawa haendi haja. Akiinuka anajikwaa mahali pasipo na kitu. Na jambo ambalo lingepaswa kuwaamsha wote usingizini, na halikuwaamsha: alinyamaza. Nyumba ile iliyokuwa haijui kimya ikajaa kimya pembe zote, na wao wakasema, ahaa, anazama kwenye masomo. Aliendelea kuomba maziwa tu. Asubuhi aliyotapika mezani mara tatu mfululizo, kisha akamtazama mama yake kama anayejaribu kukumbuka ni nani, mama alimbeba mgongoni, akaacha mlango wazi, akatoka. Mzee Chapa akafuata na kanga ya kumfunikia.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana, sauti imemkauka kwa kuita majina. Alimbonyeza Chiriku tumbo, akavuta kope za chini akatazama weupe wake, akaagiza eksirei. Picha ilipotoka aliibandika kwenye kioo chenye taa, akaikaribia, akaguna.

Ndani ya tumbo la mtoto kulikuwa na vijiti vyeupe. Vingi. Vyote vya urefu mmoja, vimelaliana kama njiti ndani ya kiberiti.

Mzee Chapa alivijua kabla daktari hajafungua mdomo. Kidole gumba chake kilivijua. Ule urefu aliushika maisha yake yote. Haukuwa mrefu zaidi kwa unywele wala mfupi zaidi kwa unywele. 

"Ni vya chuma, au madini fulani," daktari alisema. "Nyumbani kuna nini cha namna hii? Vitu anavyochezea?"

Mama alitikisa kichwa. Daktari akamgeukia mzee. "Wewe, baba? Unashinda naye wewe."

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini ulimi wa Mzee Chapa ulikuwa na mazoea yake, na mazoea yana taabu. Ulitangulia wenyewe, kama ulivyotangulia maisha yote.

"Si zile kulabu za sketi?" alisema. "Zile unazorudi nazo kwenye mfuko wa aproni, mama. Nilimwona anazichezea."

Alisema vizuri. Hata yeye aliziona zile kulabu, zinang'aa kwenye viganja vya mtoto.

Uso wa binti yake ukaanguka. Akatia mkono mfukoni mwa aproni ya kazi aliyotoka nayo bila kuivua, akaibuka na kulabu mbili na uzi, akavitazama kama mtu aliyekutwa na kisu chenye damu.

"Zikilala ubavu huonekana kama vijiti. Kama ni kulabu, zitapita zenyewe," daktari alisema. "Tutamwekea dripu, tumwangalie hadi kesho. Usijilaumu, mama, hutokea."

Wakamlaza kitanda cha dirishani. Mama alikaa upande mmoja, Mzee Chapa upande wa pili. Mama hakulia, alikuwa anaugeuza mfuko wa aproni nje ndani, ndani nje, akiukung'uta.

"Baba, ni mimi nimemfanya hivi?"

"Usiseme hivyo," alijibu Mzee Chapa. 

Wala hakuwa mtu asiyejua. Kiwandani walikatazwa kula kabla ya kunawa mikono kwa sabuni, na maziwa yale walipewa kwa sababu wakubwa waliamini yanaosha sumu ya risasi tumboni. Hayakuosha kitu. Jirani yake wa droo, mwanamume mrefu aliyependa kupiga mbinja, aliyanywa kila siku kama wengine. Kwanza aliumwa tumbo, kisha viganja vyake vikaanguka kwenye maungio, vikaning'inia kama nguo kwenye kamba, asiweze tena hata kufunga kifungo. Mzee Chapa ndiye aliyemfungia vifungo siku ya mwisho. Alijua. Alikaa pale akijua, huku jua likisogea kutoka ukuta mmoja wa wodi hadi mwingine. Akisema, huyu binti hatamtazama tena. Na yule mtoto atajua kwamba babu yake ni mwongo kama wanavyosema. Zitapita, alijiambia. Daktari mwenyewe amesema zitapita. Naye alijua daktari alisema kulabu.

Mama alitoka kwenda kunawa uso. Chiriku akafumbua macho.

"Babu." Sauti ilikuwa kama ya karatasi. "Zimeanza kupanda?"

"Nini, mjukuu wangu?"

"Herufi. Mimi sizioni. Niliona hazipandi, nikaongeza." Alivuta pumzi. "Sijamwambia mtu, Babu. Hata daktari."

Mzee Chapa alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alimkuta daktari kwenye korido, binti yake akiwa pale pale na uso umeloa maji.

"Si kulabu," alisema. "Ni herufi. Herufi za risasi za kiwandani. Amezimeza kwa maziwa. Nilimwambia mimi kwamba ukizimeza unajua kusoma."

Daktari alimtazama. "Mzee, asubuhi kulabu, saa hizi herufi?"

"Baba, nyamaza." Binti yake alifumba macho. "Nakuomba kama mwanao. Kila siku, sawa. Leo usinitungie."

"Haki ya Mungu..."

"Usiape! Usiniapie hapa!"

Watu wa kwenye mabenchi waligeuka. Mzee Chapa alifungua mdomo, akaona kwamba maneno yote aliyokuwa nayo ameshayatumia. Akageuka, akatoka, akakimbia, mzee wa umri ule, kandambili moja ikabaki getini.

Nyumbani mlango ulikuwa bado wazi. Chumbani kwake kiti kilikuwa kimesogezwa hadi kwenye kabati, na juu ya kiti kulikuwa na alama za nyayo ndogo za vumbi, nyingi, zimekanyagana. Alilishusha kopo. Lilikuja kwa wepesi ambao hakuutarajia.

Aliporudi alimpa daktari herufi moja. Daktari aliishika kati ya vidole viwili, akaiweka juu ya picha kwenye kioo cha taa, juu ya kijiti cheupe kimojawapo. Ikakifunika kimya kimya, hakikutokeza juu wala chini.

"Ungesema asubuhi," daktari alisema. Kisha akaanza kuita watu, na ile sauti iliyokauka ikafika mwisho wa korido.

Walipofika na kitanda cha magurudumu walikuta wamechelewa. Mtoto alikuwa ameshaanza kutetemeka, meno yamebana, kisigino kinagonga chuma cha kitanda. Mama yake alimkumbatia ili asianguke, na katika mshtuko ule akawa anamwambia maneno yaleyale tena na tena: hutasoma, mama, hutasoma tena, acha, hutasoma.

Walizitoa kwa mpira wenye kamera, moja baada ya nyingine, wakaziweka kwenye kisahani. Nesi alimwonyesha Mzee Chapa azithibitishe. Alizipapasa. Huyu mtu aliweza kuisoma herufi yoyote kwa ncha ya kidole, gizani, lakini hizi hakuweza. Tumbo la mtoto lilikuwa limezila nyuso, zimebaki visiki.

"Hicho kilicholika kimekwenda wapi?" mama aliuliza.

"Kimeingia kwenye damu," daktari alisema. Alisema taratibu, akitafuta maneno ya kuwafaa. "Na damu imekipeleka kichwani. Dawa zipo, tutaanza leo. Ila kilichokwisha kuharibika kule juu, siwezi kuwaahidi."



Chiriku hakufa. Alikaa wodini hadi likizo ikaisha, shule zikafunguliwa, wenzake wakapanda la pili. Alirudi nyumbani amekonda, anatembea akishika kuta. Maneno yalimjia moja moja, kwa mbali, kama watu wanaoshuka mlima. Mwalimu alikuja kumwona, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema tutampokea wakati wowote, darasa lolote. Alipotoka alilia mlangoni, watu wakamwona.

Baba mtu alirudi safari. Alisikia yote akiwa amesimama, funguo za lori mkononi. Akasema mzee aondoke siku ile ile. Mzee Chapa alikuwa ameshafunga kifurushi chake, kimekaa miguuni pake.

"Hapana," alisema mama. "Aende wapi? Akawasimulie watu?" Hakupaza sauti. Alimtazama baba yake kama mtu anayepima kitambaa. "Utakaa hapa. Kwanza utamwambia mwenyewe kwamba ulimdanganya. Usimzungushe, mwambie. Kisha utamfundisha kusoma. Kila siku. Likizo na isiyo likizo. Herufi moja moja, na hadithi hakuna. Hata moja, baba. Hata ya sisimizi."

"Na asiposhika?"

"Unaanza upya."

Alikwenda akakaa mbele ya mjukuu wake, akamwambia. Herufi hazipandi. Hakuna mtu aliyewahi kumeza. Niliongopa.

Chiriku alifikiri muda mrefu. "Basi... ulijifunzaje?"

Ndipo akalilipa deni la swali lile. Alimsimulia ufagio na sakafu. Alimsimulia vibao vya kisogo, kichwa cha mbao, na kule nyuma ya marobota ya karatasi. Hakuweka chafya wala mbuzi. Ilikuwa hadithi ndefu, kavu, na aliifikisha mwisho bila kuruka aibu hata moja. Alipoinua macho, Chiriku alikuwa anatazama dirishani, mdomo wazi kidogo. Huenda alisikia. Huenda aliacha kusikia pale kwenye ufagio.

Mwaka ulizunguka, likizo ndefu ikarudi. Nje watoto walitoka na kamba zao mapema, mtoto wa nyumba ya pili amerefuka, anaruka kwa mguu mmoja. Ndani, mezani, Mzee Chapa aliandika herufi kubwa katikati ya karatasi, moja tu, bila vikanyagio. Ilimchukua miezi kuviachisha vidole vyake.

"Hii?"

Chiriku aliiwekea kidole. Aliifuata taratibu, ikapanda, ikashuka. Midomo ilicheza. Mzee Chapa alisubiri, maana jana jioni mtoto aliijua.

"Sijui, Babu."

"Haya," alisema mzee, akachukua karatasi nyingine. "Tuanze tena."